Toharani sio nafasi ya pili

Juzi chini ya turubai la msiba huku Tabata mzee mmoja wa heshima zake alisimama kutoa neno la faraja akasema tumwombee sana mwenzetu, kama yuko motoni Misa zetu zitamtoa. Watu tukaitikia amina. Msibani sio mahali pa kubishana, ila haya maneno ya kuchanganya toharani na jehanamu nayasikia mno siku hizi, na wanaoyasema ni Wakatoliki wenzangu, tena wengine ni viongozi wa jumuiya.

Toharani ni utakaso wa mtu aliyekufa katika neema ya Mungu lakini hajatakata kabisa. Basi, maana ni hiyo tu.

Sasa shida inaanzia hapo kwenye "katika neema", maana watu wanaruka hayo maneno wanakimbilia kwenye moto. Aliyeko toharani ameshaokoka. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1030 inasema wazi kwamba hao wana uhakika wa wokovu wao wa milele, na namba 1031 inaongeza kwamba utakaso huo ni tofauti kabisa na adhabu ya waliolaaniwa. Tofauti kabisa, yaani sio jehanamu ya moto mdogo, wala sio kituo cha katikati ambapo mtu anasubiri kujua anaenda juu au chini. Hukumu imeshapita siku aliyokufa na toharani kuna mlango mmoja tu wa kutokea nao ni wa mbinguni. Jehanamu hakuna anayetoka, hata Misa zisomwe mwaka mzima. Nadhani huo moto unatoka kwa Mtume Paulo, 1 Wakorintho 3:15, anaposema mtu ataokolewa lakini kama kwa moto, watu wakabaki na moto wakasahau "ataokolewa".

Na hapo ndo inazaliwa ile nyingine inayoniuma zaidi, kijana anasema mi naishi nitakavyo, nikifa ndugu watanilipia Misa. Kwanza Misa hailipiwi. Ile bahasha unayopeleka ofisi ya parokia umeandika "nia: kumwombea marehemu bibi" ni sadaka, na sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inawahimiza mapadre waadhimishe kwa nia za waamini, hasa maskini, hata kama hawajatoa kitu. Pili, sala inamsaidia aliyekufa akimpenda Mungu, haimgeuzi aliyemkataa mpaka mwisho.

Wenzetu walokole nao wanasema tunaabudu wafu. Hapana, tunamwomba Mungu kwa ajili yao. Yuda Makabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, alichangisha drakma 2,000 akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa, ipo kwenye 2 Wamakabayo 12, kitabu ambacho kwenye Biblia zao hakimo, ndo maana mabishano hayaishi. Na padre akifukiza ubani kwenye jeneza anaheshimu mwili uliobatizwa, mwili uliokuwa hekalu la Roho Mtakatifu.

Tarehe 2 Novemba ukienda makaburini utakuta watu wanang'oa majani kwenye kaburi, wanapachika mishumaa kwenye mchanga na upepo unaizima wanaiwasha tena, na mtu anasali "raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie". Sala yenyewe haina neno motoni hata moja. Tena kuanzia tarehe 1 mpaka 8 ukizuru makaburi ukawaombea marehemu, pamoja na kuungama, kukomunika na kuombea nia za Papa, unaweza kuwapatia wa toharani rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda iliyobaki kwa dhambi zilizokwisha kusamehewa.

Kwa hiyo wazee wangu na viongozi wetu wa jumuiya, kwa heshima zote, mkisimama msibani semeni tu "tumwombee marehemu wetu" inatosha. Hiyo habari ya motoni tuiache, hata Kanisa lenyewe halijawahi kutangaza kwa jina kwamba mtu fulani yuko jehanamu.