Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili: kazi ya daktari mkimbizi

Kabla ya 1944, askari wa Uingereza aliyekatika uti wa mgongo alifungwa plasta ngumu, akalazwa. Wengi walikufa, tena mara nyingi si kwa jeraha lenyewe bali kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo.

Tuvieleze vidonda hivyo. Mfupa wa nyonga au kisigino ukikandamiza ngozi kwenye godoro, damu haipiti. Mzima hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hahisi chochote, basi nyama inaoza kimyakimya na vijidudu vinaingia kwenye damu. Plasta ilibana zaidi, na ilificha kidonda.

Aliyebadili hayo ni Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani, daktari wa mishipa ya fahamu. Wanazi walimwondoa kazini Breslau, mji wa Ujerumani wakati huo, mwaka 1933. Akahudumu katika hospitali ya Wayahudi, na 1939 akakimbilia Oxford, Uingereza, na familia yake. Huko alifanya utafiti tu, karibu miaka mitano. Serikali ya Uingereza ilipomwomba aongoze wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, alikubali kwa sharti kwamba asiingiliwe katika matibabu. Wodi ilifunguliwa 1 Februari 1944.

Alivua plasta, akaweka mito. Mgonjwa aligeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na Guttmann alipita wodini usiku wa manane kukagua zamu. Mpira wa mkojo uliingizwa na daktari, bila kuugusa kwa mkono sehemu inayoingia mwilini, maana uchafu wa kibofu hupanda hadi figo.

Vidonda vikipona, mgonjwa aliamshwa kitandani: useremala, kutengeneza saa, michezo. Tarehe 29 Julai 1948, wagonjwa 16 walishindana kwa upinde na mishale, mchezo unaojenga mabega na mikono ya kusukumia kiti. Hapo ndipo Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, ilipoanzia.

Anayeuguza nyumbani afuate saa hizohizo. Kila ukimgeuza, mulika kwa tochi kiuno, nyonga na visigino. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu: tafuta doa lililokoza kuliko ngozi ya pembeni, lenye joto au lililokakamaa. Kwenye ngozi nyeupe, bonyeza wekundu kwa kidole. Rangi isipobadilika, kidonda kimeanza; kwenye ngozi nyeusi badiliko hilo huenda lisionekane. Usimlaze upande huo wala usipasugue, hata kwa mafuta, kwani nyama ya chini huchanika zaidi.