Kamera ni nzima, waya ndio uliokufa

Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa kisa cha kamera ya nyuma kuzima, kamera yenyewe haina ubaya. Naifungua, naipa umeme mezani, picha inatoka safi kabisa. Kilichokufa ni waya, na mara nyingi umefia palepale: kwenye mpira unaopitisha nyaya kuingia mlango wa buti.

Mlango ule hufunguliwa na kufungwa kila siku. Ukipitisha waya nje ya mpira wake, ukabanwa ukingoni, utakatika tu, na kabla haujakatika maji yatakuwa yameshaufuata hadi ndani. Mimi huchomoa mpira ncha zote mbili, napaka maji ya sabuni kwa ndani, natanguliza waya mgumu, kisha nafunga kebo ya video nyuma yake na kuvuta taratibu. Inachosha vidole, lakini fundi hulipwa kwa hapo. Kutoboa tundu la kamera juu ya kibao cha namba ni jambo dogo, ilimradi ukingo wa tundu upakwe rangi kutu isiingie.

Umeme tunauchukua kwenye taa ya rivasi, ili kamera iamke pale tu gia inapoingia. Usikisie kwa rangi ya waya. Zuia tairi, vuta breki ya mkono, fungua swichi bila kuwasha injini, ingiza rivasi, upime kwa mita. Gari dogo litakupa takriban volti 12. Lori nyingi ni volti 24, na kamera ya 12 tupu itaungua siku hiyohiyo. Weka fyuzi ndogo karibu na ulipochukulia umeme, na viungo vichomewe kwa risasi; tepu peke yake huachia joto likizidi.

Kwenye baadhi ya magari mapya, kompyuta hulisha taa kwa umeme wa kukatakata, nao hauonekani kwa macho. Kamera inauona: picha inacheza au inajizima. Watu hurudisha kamera dukani, wakati dawa yake ni kichujio cha umeme kati ya taa na kamera.

Kebo nyingi za video zina kawaya kembamba, aghalabu kekundu, kilichochomoza ncha zote mbili. Usikikate! Hicho ndicho kinachoiambia redio yenye skrini kwamba gari limeingia rivasi. Bila ishara hiyo skrini haibadiliki yenyewe. Kebo ipite chini, kwenye plastiki za vizingiti vya milango, isikatize mbele ya mifuko ya hewa (airbag) iliyo kwenye nguzo za gari.

Kuna wanaotaka isiyo na waya wakidhani wamekwepa yote haya. Picha ndiyo inayoruka hewani. Umeme bado unahitaji waya, na hata ukiutoa kwenye taa iliyo mlangoni ukaepuka ule mpira, bado skrini nayo inadai waya wake.

Nikimaliza, namwomba mwenye gari asimame nyuma, upande wa kulia. Akionekana kushoto, picha haijageuzwa kama kioo, na kamera nyingi zina kitanzi cha waya cha kurekebisha hilo. Halafu naweka ndoo nusu mita kutoka kwenye bampa, naangalia mstari mwekundu wa kwenye skrini umeangukia wapi. Mistari ile imechorwa kiwandani bila kujua kimo cha gari lako, hivyo nainamisha kamera hadi ndoo na mstari vikutane.