Ukiingia kibanda cha udoni Osaka, uliza supu kwanza

Binamu yangu alikuja Osaka, Japani, mwaka 2025 kuona maonyesho ya dunia. Siku ya pili yake akanipigia simu, yuko nje ya mgahawa. Mlangoni kumening'inia kitambaa cha buluu, ndani watu wanakula wamempa mgongo. "Hapa mtu anaingiaje? Hata hodi sijui nimpigie nani." Nikamwambia inamisha kichwa, pita chini ya kitambaa. Akapita. Watu watatu wakamkemea kwa mpigo mmoja, naye akatoka mbio akanipigia tena.

Lile kemeo lilikuwa neno "karibu". Irasshaimase, wanasema, na wanaisema kwa sauti ya utingo anayeita abiria. Huijibu. Wewe ingia tu. Kile kitambaa nacho ni saa ya mgahawa: kikitundikwa nje, kuna chakula, kikiingizwa ndani, supu imekwisha na kazi imefungwa, hata kama taa zinawaka.

Nimepika udoni, tambi nene za ngano ndani ya supu, katika mji huu miaka tisa, jikoni mwa mgahawa wa viti kumi na viwili. Wageni wanaotoka nyumbani huniuliza habari za vijiti, za kuvua viatu, za kuinama. Hayo madogo. Vijiti vikikushinda omba uma, hakuna atakayekucheka. Ninalowaambia mimi ni kwamba kwenye mgahawa wa aina hii chakula chenyewe ni supu. Tambi zimewekwa ili supu ipate pa kushika. Mtu akiielewa ile supu atajua aagize nini, aulize nini kama ni Mwislamu, na kwa nini jirani yake anafyonza kwa kishindo.

Lakini kabla ya supu kuna mashine. Migahawa mingi ya bei nafuu ina sanduku la vitufe karibu na mlango: unatumbukiza pesa, unabonyeza, inatoka tiketi, unamkabidhi mpishi. Pesa hazipiti mkononi mwa anayeshika chakula. Picha zikikosekana na maandishi yakikushinda, bonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto; kwa kawaida hapo ndipo mwenye mgahawa huweka chakula anachojivunia. Uwe na noti za yeni 1,000. Noti mpya zilipotoka Julai 2024, mashine nyingi kongwe zilizikataa, na kubadilisha mashine ni gharama kubwa kwa mtu anayeuza bakuli kwa yeni mia tano sita. Ukiona noti yako inatemwa kila ukiitia, usione haya. Mwite mhudumu akubadilishie.

Maji ya baridi ni bure, na bahashishi haipo. Ukiiacha sarafu mezani utakimbizwa nayo barabarani.

Sasa supu. Inaitwa dashi, na haina mfupa wala nyama. Asili yake ni vitu viwili vikavu. Cha kwanza ni kombu, mwani mpana wa maji ya baridi unaovunwa Hokkaido, kaskazini kabisa. Si ule mwani wa Paje na Jambiani, Unguja, ambao akina mama wanaufunga kwenye kamba. Ule huenda viwandani, huu unaingia chunguni. Cha pili ni katsuobushi, samaki wa ukoo wa jodari, jamaa wa sehewa wetu, aliyechemshwa, akafukizwa moshi, akakaushwa mpaka amekuwa gogo. Sitanii ninaposema gogo. Ukigonga viwili pamoja vinalia kama vipande vya mpingo, na huwezi kumkata kwa kisu, unamparaza kwa randa kama ya seremala. Mtu aliyekulia karibu na papa mkavu na ng'onda akinusa ghala la katsuobushi kwa mara ya kwanza hatashangaa sana. Atauliza tu kwa nini harufu haiumi puani.

Kwa lita moja ya maji, weka kombu kama gramu 10. Iache katika maji ya baridi nusu saa, au usiku kucha. Kisha moto mdogo mpaka maji yafike nyuzi 60 hivi, na uitoe kabla hayajachemka. Hapo ndipo nilipoharibu juma langu la kwanza. Nilikuwa na haraka, nikaacha sufuria ya lita ishirini ichemke na kombu ndani. Taisho, ndivyo tunavyomwita bwana mwenye jiko, akaja, akachota kijiko, akaonja, akainua sufuria akaimwaga yote kwenye sinki. Hakusema neno. Kombu ikichemka hutoa utelezi na uchungu, na hakuna chumvi wala sukari itakayoufunika.

Ukishaitoa, chemsha maji, zima moto, tia maparazo ya samaki gramu 20 au 30, ngoja dakika moja au mbili, chuja bila kukamua. Hiyo ni dashi ya nyumbani na ya migahawa ya kistaarabu. Sisi wa udoni hatufiki huko kwa ustaarabu. Tunachanganya na vibua na dagaa wakubwa waliokaushwa namna hiyohiyo, tunawachemsha kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu supu yetu lazima ipambane na tambi nene.

Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Ikeda Kikunae, aliichunguza kombu akapata ndani yake kitu kiitwacho glutameti, na ladha yake akaiita umami. Alilichukua neno umai, ambalo maana yake ni tamu, kitu chenye ladha nzuri, akalifanya jina. Mswahili haoni ajabu: sisi tuna tamu, tukapata utamu, na utamu wetu tangu zamani si wa sukari peke yake, pilau ni tamu, na maneno pia. Mwaka uliofuata ugunduzi wake ukaanza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Kodama Shintaro, akapata kitu kingine ndani ya katsuobushi. Vikikutana, cha mwani na cha samaki, ladha haijumlishwi, inazidishwa. Onja maji ya kombu peke yake: yamepoa, kama maji ya mtungi. Onja ya samaki peke yake: makali. Changanya, na utameza mate.

Nilipokwenda likizo Mombasa nilibeba kombu na samaki wangu ili mama aonje. Ikatoka supu ya ovyo. Nilipima vilevile, moto uleule. Mama akaimaliza kwa heshima, akasema, "Mwanangu, tia ndimu." Baadaye nikatambua kosa ni maji. Maji ya Japani ni laini, hayana madini mengi. Yale ya kisima chetu ni magumu, na maji magumu hayaivuti kombu. Siku hizi nikienda nanunua maji ya chupa. Ndimu bado inatiwa.

Mbona mwani wa Hokkaido ukawa kitoweo cha Osaka, mji ulio mbali nao vile? Kwa sababu ya vyombo vya tanga. Enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, majahazi yaliyoitwa kitamaebune yalishuka kwa bahari ya magharibi yakizunguka hadi Osaka, yamesheheni kombu na samaki mkavu, kama yetu yalivyoshuka na kaskazi yakiwa na tende. Mji ukazoea supu ya mwani na sosi ya soya nyepesi ya rangi. Tokyo ikashika katsuobushi na sosi nyeusi. Ndiyo maana Mtokyo akila kwetu hudhani supu imekosa sosi, na mtu wa Osaka akienda Tokyo huuliza nani amemwaga wino. Usidanganyike na rangi lakini: sosi nyepesi ndiyo yenye chumvi zaidi. Kampuni ya Nissin ilipoanza kuuza udoni ya kikombe iitwayo Donbei mwaka 1976, ilitengeneza supu mbili, ya mashariki na ya magharibi, na mpaka leo kikombe kina herufi ya E au W. Nina marafiki wanaobeba W kwenye sanduku wakihamia Tokyo.

Hapa Waislamu wanisikilize vizuri, maana wengi hukosea. Mgeni huingia akauliza, kuna nguruwe? Anajibiwa hapana, naye anakula kwa amani. Jibu ni la kweli, ila swali halikutosha. Ndani ya ile supu, pamoja na sosi, wapishi wengi hutia mirini, kileo kitamu cha mchele chenye kilevi kama asilimia 14. Kwa sheria ya kodi ya Japani ni pombe kabisa, na duka halikiuzi bila leseni ya pombe. Wapo wanaoichemsha kwanza kilevi kiruke, na ukiwauliza watakwambia hakuna kilichobaki. Kinapungua, ila hakiishi chote. Sosi ya soya nayo mara nyingi hutiwa kilevi kidogo isiharibike, na kimeandikwa kwenye lebo. Mimi ni mpishi, si sheikh, hukumu ya hayo kaulize kwa wenyewe. Kazi yangu ni kukufahamisha kilichomo. Swali la kuuliza ni "Mirin, haitte imasu ka?", mirini imo? Ukiuliza hivyo mpishi atainua macho akutazame upya, kwa sababu umeuliza swali la jikoni, na atakujibu kwa ukweli. Jikoni kwetu mirini imo. Nimewarudisha mlangoni wenzangu wengi kwa mikono yangu mwenyewe, nikawaelekeza kwenye migahawa ya halali.

Swali la pili ni nyama. Osaka ukiona udoni imeandikwa niku, yaani nyama bila zaidi, ni ng'ombe. Neno hilohilo ukilikuta Tokyo mara nyingi linakuletea nguruwe. Hata ng'ombe wetu hakuchinjwa kwa kisomo, hilo ulijue. Kuna pia kasu, matumbo ya ng'ombe yaliyokaangwa mpaka yakakauka, chakula cha kusini mwa mkoa huu. Mpenzi wa matumbo atafurahi. Harufu yake inaifunika dashi yote, kwa hiyo mimi siipendi.

Ninachopenda ni kitsune, maana yake mbweha: kipande kipana cha tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, kimekaangwa, kimepikwa kwa sukari na sosi, kimelazwa juu ya tambi. Mbweha wa mahekalu ya Inari, mungu wa mpunga, husemwa wanakipenda, ndipo jina. Ukikiuma kinaachia sharubati ndani ya supu, na kuanzia hapo unakula supu ya pili. Ila chunga: ukiagiza tanuki, chakula chenye jina la mnyama mwingine, Tokyo utapewa chengachenga za unga wa kukaangwa. Osaka tanuki ni tofu ileile ya mbweha, lakini juu ya soba, tambi nyembamba za rangi ya udongo. Nimeshuhudia mume na mke, mmoja wa huku mmoja wa kule, wakigombana kwa sababu hiyo mbele yangu. Na kama unataka kumpima mpishi, agiza su-udon, tambi na supu na majani ya kitunguu, basi. Hana pa kujificha. Tambi zetu ni laini, karibu ziyeyuke mdomoni. Ukitaka za kutafuna nenda Kagawa, ng'ambo ya bahari ya ndani, huko hujivunia ugumu.

Kula. Kwanza itadakimasu, napokea. Wengine huunganisha viganja, wewe bismillahi yako inatosha. Halafu litakuja jambo litakalokusumbua kuliko vijiti: bakuli hushikwa kwa mkono wa kushoto na kuinuliwa karibu na mdomo. Sisi mkono huo haufiki kwenye sinia. Nilichukua miezi kuuzoea, na mpaka leo nikila peke yangu nyumbani mkono wa kushoto uko magotini. Kule kuinamia bakuli lililo mezani, mkono mmoja umelala, ndiko wao wanakoona ni kukosa adabu. Bakuli la udoni likiwa zito na la moto unaweza kuliacha chini ule tambi, ila supu ukaiinulia. Kijiko si lazima, unakunywa ukingoni.

Na zile kelele. Nyumbani nilipigwa kofi kwa kufyonza chai. Hapa mtu hufyonza tambi kwa sababu mbili: hewa inaipoza, na hewa hiyohiyo inapandisha harufu ya dashi kutoka kooni hadi puani. Ukila kimyakimya utapata chumvi na joto tu. Binamu yangu hakuweza siku ya kwanza. Ya tatu alikuwa analia kama bomba.

Kwenye meza kuna kichupa cha unga mwekundu, shichimi, viungo saba pamoja. Watakuonya kwamba ni mkali. Mtu wa pwani atamwaga nusu ya kichupa akitafuta ukali wenyewe uko wapi. Onja supu kwanza, nakuomba, mtu ameamka saa kumi alfajiri kuitengeneza.

Usikae. Ni dakika kumi au kumi na tano, na aliyesimama nyuma ya mgongo wako hatasema kitu, atasimama tu. Baraza la kahawa halipo hapa. Maliza, inua bakuli na gilasi uviweke juu ya kaunta, futa mahali pako kwa kitambaa kilichopo, sema gochisosama, ahsante kwa chakula. Jikoni watajibu ookini, ahsante ya Osaka, bila kugeuka, kwa kuwa mikono imo chunguni. Taisho lakini huangalia bakuli. Likirudi na supu nusu hasemi kitu, anakwenda kuonja sufuria.