Uchakavu wa Behewa la Mfano Si Kutu Tupu

Wengi wanaoanza kupaka upya behewa la mizigo la treni ya mfano huamini kwamba, ili lionekane limetumika kwa miaka mingi, inatosha kulipulizia rangi ya kahawia kila mahali. Dhana hiyo ni potofu. Kutu huanzia pale rangi ilipobanduka au maji yanapotuama, kama vile kwenye maungio ya mabati, kingo za milango na vichwa vya ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabati), kisha huchuruzika kuelekea chini kwa kufuata njia ya mvua. Sehemu kubwa ya uchakavu halisi ni rangi iliyopauka kwa jua pamoja na vumbi linalorushwa na magurudumu, ambalo hujaa zaidi sehemu za chini na kwenye ncha mbili za behewa.

Kwa hiyo ni vyema rangi ya msingi ichanganywe na nyeupe kidogo kabla ya kupakwa, tena kwa matabaka membamba, kwani rangi nzito hufunika ribiti zenyewe. Vipimo navyo husahaulika mno: katika kipimo cha 1:87 (mfano ulio mdogo mara 87 kuliko kitu halisi), doa la milimita 2 huwakilisha takriban sentimita 17 za behewa halisi, yaani kutu kubwa kupita kiganja cha mkono. Unga wa chaki hufaa kwa vumbi, ila upakwe kwa wingi kiasi, maana vanishi isiyong'aa inayoushikiza huufifisha.