FORTIFY_SOURCE bila -O haikulindi

Wengi huongeza -D_FORTIFY_SOURCE=2, swichi ya kuzuia data kufurika nje ya bafa (nafasi ya kumbukumbu iliyotengwa), kwenye CFLAGS (swichi za kompaila) za skripti ya configure inayoandaa ujenzi, wakaamini programu yao ya C imeshapata ngao. Sivyo. Ulinzi huu wa glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, hutegemea kompaila ijue ukubwa wa bafa, na kompaila ya GCC huujua inapoboresha msimbo, kazi inayowashwa na swichi ya -O. Ukijenga kwa -O0, yaani bila uboreshaji, memcpy na strcpy, vitendakazi vya kunakili data, hubaki bila mlinzi, kama vile hukuandika kitu. Glibc hutoa onyo, lakini onyo lenyewe humezwa na mamia ya mistari mingine, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Weka -O2. Kiwango cha 3 cha FORTIFY_SOURCE kinahitaji glibc 2.33 kwenda juu na, kwa GCC, toleo la 12 kwenda juu. Kisha kagua faili lililojengwa kwa readelf -s, amri inayoorodhesha majina ya vitendakazi ndani yake, ukitafuta majina kama __memcpy_chk, yaani memcpy yenye ulinzi.