Maarifa asilia: ujuzi wa wazee unapogeuka kazi ya vijana

Maarifa asilia ni ujuzi ambao jamii imeupata kwa kuishi mahali pamoja miaka mingi, ikaujaribu, ikaurekebisha na kuurithisha kwa mdomo na kwa vitendo. Unahusu mbegu, dawa, mifugo, uhifadhi wa chakula, hata mvua. Wengi wakilisikia jina hilo huwazia shanga na ngoma za kupokea wageni, na hapo ndipo wanapopotea. Kule Vihiga, ukoo wa Nganyi wa Wanyore hutabiri mvua kwa kutazama miti, wadudu na upepo, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imeshaketi nao kulinganisha utabiri wao na wa mitambo.

Tuchukue mursik, maziwa ya kuchachushwa ya Wakalenjin, kwa kuwa Nakuru nzima inaijua. Kibuyu, yaani sotet, huoshwa kikakaushwa. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa, kisha ncha yake yenye kaa husagwa ndani ya kibuyu na kusambazwa kwa ufito wa sosiot hadi ukuta wa ndani uwe mweusi. Maziwa huchemshwa, hupozwa, hutiwa, kibuyu hufungwa na kuachwa siku kadhaa. Kibuyu mtu yeyote atakinunua sokoni. Kujua ni mti upi unaofaa, kaa kiasi gani, na maziwa yapoe vipi kabla ya kutiwa, hayo utayapata kwa kukaa na shosho jikoni.

Shosho hutengeneza kibuyu kimoja cha wageni, kikichacha zaidi watu wanacheka na kunywa. Kijana anayepeleka mursik hotelini hana bahati hiyo. Mteja anataka ladha ile ile ya wiki jana, chupa iliyofungwa vizuri na, akitaka kuingia supamaketi, alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Kazi iko katika pengo hilo: kulima vibuyu, kukusanya maziwa, kupima usafi, kupakia, kusafirisha kwa boda. Mpishi mwenyewe ni mmoja tu kati ya wanaofanya kazi hizo.

Kisumu hali ni hiyo hiyo kwa mboga. Pale sokoni Kibuye utapata osuga, dek, mitoo na apoth kwa mafungu. Dek ni chungu, kwa hivyo hupikwa na maziwa na aghalabu huachwa ilale. Apoth hutiwa magadi au, kwa Waluhya, maji ya majivu yaitwayo musherekha. Wafanyakazi wa mjini wanazipenda lakini hawana saa nzima ya kuchambua. Anayewauzia zilizochambuliwa anauza muda wao. Kwa maoni yangu, hata hivyo, pesa iliyosahaulika iko kwenye mbegu: anayejua shina lipi la kuachwa likomae, na jinsi ya kukausha, ana biashara ambayo haiozi jioni.

Kakamega imekwenda mbali zaidi. Kikundi cha wakulima cha Muliru, karibu na msitu, hulima mmea wa kienyeji wa jamii ya mrihani ambao wenyeji walishautumia kwa mafua, hutoa mafuta yake na kutengeneza balmu iitwayo Naturub. Walisaidiwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na mwaka 2010 walipata Tuzo ya Equator. Kulima kwao kunafaa kuigwa na wauzaji wa mukombero, mzizi wa kutafuna, maana mzizi huo ukizidi kung'olewa msituni bila kupandwa, biashara itaisha pamoja na mmea.

Dawa ina mpaka wake: kuuza balmu ya kuchua ni tofauti na kumwahidi mgonjwa wa kisukari kwamba ataacha sindano.

Mwenye maarifa haya ni jamii, kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016. Mtu wa nje anayetaka kuyatumia kibiashara anapaswa kupata idhini ya jamii hiyo kwanza na kukubaliana nayo kuhusu mgao wa faida, na kaunti ndizo zilizopewa kazi ya kuyakusanya na kuyasajili.