Kuthamini Zahanati: Nyumba Ina Bei Gani Bila Wagonjwa?

Watu wengi wa Tabora mjini wanaponiona nikishuka kwenye gari na utepe wa kupimia hudhani nimekuja kuonyesha mawe ya mipaka. Kazi hiyo ni ya mpima ardhi. Mimi ni mthamini: mpima hueleza kiwanja kinaanzia na kuishia wapi, nami hueleza kilichomo ndani ya mipaka hiyo kina thamani gani, kwa madhumuni gani na kwa tarehe ipi. Kwa miaka mingi nimejikita katika zahanati, kliniki, maabara na vituo vya afya vya watu binafsi, na huko nimekuta mpaka mwingine usiowekewa jiwe lolote, nao ni ule unaotenganisha jengo na kazi ya tabibu inayofanyika ndani yake.

Mpaka huo niliuona waziwazi katika familia moja ya mtaa wa Isevya. Baba alikuwa tabibu aliyestaafu utumishi wa serikali, akageuza nyumba yake kuwa zahanati baada ya sheria ya mwaka 1991 kuruhusu tena watu binafsi kutoa matibabu kwa malipo, jambo lililokuwa limezuiwa tangu mwaka 1977. Alipofariki, binti yake muuguzi aliendelea kuiendesha kwa miaka kadhaa, hadi ndugu zake walipodai mirathi igawanywe. Ripoti ya uthamini waliyokuwa nayo ilitaja kiasi kimoja tu, kikijumlisha kiwanja, jengo, hadubini, vitanda na mapato ya kila mwezi. Kwa hesabu hiyo, binti angelazimika kuwalipa ndugu zake kwa jasho lake mwenyewe. Mama yao, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, ndiye aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa mwanzo: “Mwanangu, nyumba hii bila wagonjwa ni shilingi ngapi?”

Niliitenga ripoti mpya katika sehemu tatu: ardhi na jengo, vifaa vinavyoweza kubebwa, na thamani ya biashara yenyewe, yaani wateja na sifa. Nani anastahili nini katika sehemu hiyo ya tatu ni jambo la mahakama na mawakili, wala mthamini hapaswi kulikatia shauri, lakini mahakama haiwezi kugawanya kitu kilichofichwa ndani ya jumla. Tangu siku hiyo jibu la swali la yule mama hukaa katika ukurasa wa kwanza wa kila ripoti ninayoandika.

Ugumu ni kwamba zahanati haziuzwi kila siku. Nyumba ya kuishi ya Cheyo au Ipuli naweza kuilinganisha na nyumba nyingine zilizouzwa karibuni, lakini zahanati iliyouzwa ikiwa zahanati naweza kuikosa mwaka mzima. Ndiyo maana mara nyingi hutumia njia ya gharama: naanza na thamani ya kiwanja, naongeza gharama ya kujenga jengo la aina hiyo leo, kisha napunguza uchakavu. Uchakavu hauishii kwenye rangi iliyobanduka. Hapa kwetu natazama kwanza mchwa katika kenchi na fremu za milango, halafu napima korido, kwa sababu nyumba nyingi zilizogeuzwa zahanati zina kona ambayo machela haipiti. Jengo la namna hiyo linaweza kuwa imara kabisa na bado likawa na upungufu mkubwa kwa kazi inayokusudiwa.

Chumba cha eksirei ndicho kinachowapotosha wamiliki wengi. Kuta nene na mlango wenye madini ya risasi ndani yake ya kuzuia mionzi hugharimu fedha nyingi, na chumba hicho hakitumiki bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu. Mwenye nyumba huamini kwamba alichotumia kimeongezeka chote kwenye bei. Kwa mnunuzi atakayeendelea kupiga picha, sehemu kubwa ya gharama hiyo inaweza kurudi. Kwa mnunuzi anayetaka nyumba ya wageni, mlango ule ni mzigo wa kuondoa. Benki inapoomba thamani ya soko pamoja na thamani ya kuuza kwa haraka, tofauti ya tarakimu hizo mbili katika zahanati huwa kubwa kuliko katika nyumba ya kawaida, nami hueleza sababu yake kwa maneno kamili, kwa sababu ofisa wa mikopo asiyeijua sababu anaweza kudhani nimekosea.

Uingereza wako wathamini wanaofanya kazi ya majengo ya madaktari pekee, na mazingira yao ni tofauti sana na yetu. Huko daktari wa familia anayemiliki jengo lake hulipwa na mfumo wa afya wa taifa pango la kukadiriwa, kana kwamba amelipangisha, ambalo kwa kawaida hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu, na kuuza sifa ya huduma hizo za umma kumekatazwa na sheria. Mthamini wa kule anashughulika zaidi na pango. Hapa Tabora pato la zahanati hutoka mfukoni kwa mgonjwa na katika madai ya bima, kwa hiyo kumbukumbu za mwenye zahanati zina uzito ambao mwenzangu wa kule halazimiki kuubeba.

Uzito huo huonekana ardhi inapotwaliwa kwa ajili ya barabara au reli. Kwa kanuni za fidia za mwaka 2001, mwenye eneo hastahili thamani ya ardhi na maendelezo peke yake. Kuna posho ya usumbufu, usafiri wa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na hasara ya faida, ambayo ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36, ikithibitishwa inapobidi kwa hesabu zilizokaguliwa. Tuseme kliniki inabakiza shilingi 1,500,000 kila mwezi baada ya matumizi yote: hapo tunazungumzia shilingi 54,000,000, kiasi kinachoweza kuzidi thamani ya jengo lenyewe.

Mmiliki mmoja niliyemfanyia kazi kando ya reli hakuwa na hesabu zilizokaguliwa, na stakabadhi zake nyingi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Vilivyobaki ni vitabu vya MTUHA, yaani vya mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambavyo huandika wagonjwa wala haviandiki fedha. Nilimwomba muuguzi wa zamu anisomee jumla ya kila mwezi tu, kwa kuwa majina na magonjwa ya watu hayanihusu, kisha tukaoanisha jumla hizo na malipo ya bima yaliyopita benki na ankara za dawa. Ilituchukua siku mbili, tukiwa tumekaa chini ya mwembe nje ya chumba cha sindano, na tulipomaliza tulikuwa na miezi 22 ambayo ningeweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Miezi isiyokuwa na ushahidi wa kutosha niliiacha wazi, nikaeleza katika ripoti kwa nini.